Nyumba ya La

Pareto inayoanikwa mvua ikiwa karibu hutoa harufu ambayo sijaipata katika kitu kingine chochote: uchungu wa majani yaliyofikichwa, ukavu wa vumbi, na kitu kama dawa kinachokaa nyuma ya koo mpaka jioni. Mwaka ule, mwanzoni mwa miaka ya sabini, nyumba yetu iliyokuwa mteremkoni chini ya soko la Ikonge ilinuka hivyo tangu mlangoni hadi chumba cha kulala, kwa sababu mvua zilikuja mapema na mama alilazimika kuingiza mikeka ya maua ndani kila alasiri. Baba alikuwa ameng'oa nusu ya pareto na kupanda majani chai, lakini miche yenyewe ilikuwa bado haifiki magotini, na mpaka ianze kuchumwa, maua yale meupe ndiyo yaliyotusomesha. Kazi ya kuyageuza ilikuwa yangu na ya mdogo wangu Moraa. Hapo, nikiwa nimepiga magoti kando ya mkeka, ndipo nilipojifunza nadharia ya muziki, na ndipo nilipojifunza wivu. Vilikuja pamoja, na sijaweza kuvitenganisha.

Mimi, Bosibori, nilikuwa kifungua mimba, darasa la saba. Moraa alinifuata, darasa la tano. Msomaji asiyetoka kwetu huenda asijue uzito wa maneno hayo mawili, kufungua na kufuata. Katika boma la Kigusii mkubwa hunawa kwanza, hupakuliwa kwanza, huulizwa kwanza. Msichana mdogo akiolewa kabla ya dada yake, majirani husema amemzibia njia, na lawama humwangukia kila mtu wa nyumba hiyo. Mimi sikuwa nimeuomba ukubwa huo, lakini niliupenda. Nilikuwa mtoto wa utaratibu. Nilikunja nguo kwa mistari, nilipanga kuni kwa unene, na niliamini kwamba mtu akifuata hatua zilivyo, moja baada ya nyingine, lazima afike. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakusema lolote kuhusu yule anayefika bila kutembea.

Mwalimu Owiti alikuja shuleni kwetu muhula wa kwanza. Alikuwa mtu wa ziwani, mrefu, mwenye viatu vilivyong'aa hata matope yalipofika kwenye vifundo vya miguu yetu sisi. Ekegusii chake, lugha yetu, kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, na sisi Kijaluo hatukukijua, basi tulikutana katika Kiswahili, lugha ambayo kila upande uliivaa kama koti la kuazima. Alileta vitu viwili ambavyo hatukuwa tumeviona. Cha kwanza kilikuwa kitambaa kirefu kilichoandikwa herufi za sauti kuanzia chini kwenda juu kama ngazi: do, re, mi, fa, so, la, ti. Cha pili kilikuwa uma wa chuma wenye meno mawili. Aliugonga gotini, akauweka sikioni, akatoa sauti moja nyembamba, safi, isiyotikisika. Kanisani kwetu hapakuwa na kinanda. Nyimbo zilianzishwa na mzee wa kanisa kwa sauti yoyote iliyomjia, na mara nyingi ubeti wa tatu uliwakuta akina mama wamefika kileleni wakipiga mayowe. Chuma kinachojua sauti ya kweli kilikuwa, kwangu, kama kipimo cha fundi seremala: kitu kinachomaliza ubishi.

Mwalimu alituambia kwamba kwaya ya shule itakwenda mashindanoni mjini Kisii mwisho wa muhula wa pili, na kwamba mwanafunzi mmoja, si mwalimu, ndiye atakayesimama mbele na ule uma, amtolee kila mmoja sauti yake ya kuanzia: soprano, alto, tena, besi. (Ndiyo, besi tulikuwa nao. Darasa la saba la siku zile lilikuwa na wavulana waliokwisha kunyoa ndevu.) Mtoa sauti, alimwita. Tangu siku hiyo sikutaka kitu kingine. Nilitaka kusimama mahali pale, nigonge chuma gotini, na watu waningoje.

Nikajifunza kwa njia niliyoijua. Niliichora ile ngazi kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni. Nilijifunza kuruka kutoka do kwenda so na kurudi, kisha do kwenda la, kisha ile miruko mibaya, fa kwenda ti, ambayo hata leo huikaribia kwa tahadhari. Moraa hakuchora chochote. Alipita nyuma yangu na mdogo wetu mchanga mgongoni, akachukua ule mruko niliokuwa nimeuhangaikia tangu asubuhi, akauimba akielekea kisimani kana kwamba ameuokota njiani.

Mapigo ndiyo yaliyonionyesha kwanza kwamba nina jambo la kuogopa. Mwalimu Owiti alitufundisha mapigo ya sita kwa nane, tukayakanyaga yote sita kwa uzito mmoja, vumbi likapanda. Alishika kichwa.

"Nyinyi mnatembea kama watu wenye miiba! Sita, ndiyo, lakini miguu ni miwili. Mguu mmoja umebeba watatu. Mkihesabu mpaka sita mmepotea."

Sikumwelewa. Nilirudi nyumbani, nikatoa maua sita kwenye mkeka, nikayapanga: kubwa moja na madogo mawili, kubwa moja na madogo mawili. Nikayagusa kwa zamu, kubwa kwa kidole gumba, madogo kwa vidole vilivyofuata, kwa muda mrefu, mpaka nikahisi jambo limegeuka ndani yangu, mapigo sita yakawa mawili bila kuacha kuwa sita. Nilifurahi mno. Nikainua uso nimwambie mtu, na mtu aliyekuwapo alikuwa Moraa, amesimama mlangoni, akimtikisa mtoto mgongoni.

"Ndiyo hiyo uliyokuwa ukiitafuta?" akauliza. "Si ni kumbembeleza mtoto tu?"

Nikatazama kiuno chake. Kilikuwa kikienda kulia na kushoto, na kila upande ulikuwa na mapigo matatu madogo ndani yake. Aliyajua kabla sijazaa swali. Nilirudisha maua yangu mkekani, nikamwambia anazuia mwanga.

Katika funguo, angalau, nilimshinda. Siku Mwalimu alipoanza kufundisha ufunguo wa maina alitazama ile ngazi, akatutazama sisi, akaamua kuacha kitabu. "Nani hapa kwao kuna nyumba mbili?" Mikono ikapanda kwa aibu, maana wengi walikuwa watoto wa waumini, na mke wa pili ni jambo linalojulikana na kila mtu ila kanisa. "Vizuri. Boma ni moja. Watu ni wale wale, ng'ombe ni wale wale. Mchana mzee anazunguka kote. Lakini jioni, anakwenda kulala nyumba gani? Wimbo wa meja unazunguka, unarudi kulala kwa do. Wimbo wa maina unatumia watu wale wale, unazunguka boma lile lile, lakini jioni unalala kwa la. Ndiyo maana una huzuni kidogo. Unapita mlango wa nyumba kubwa na hauingii."

Mokaya, mmoja wa wale wa besi, akainua mkono. "Basi, Mwalimu, baba yangu ni wa maina."

Darasa lilicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeelewa. Niliona mara moja kwamba mtu hawezi kujua wimbo ni wa nyumba gani kwa kutazama unapoanzia, bali unapotua. Na kwamba maandishi yaliyo juu ya wimbo, "La ni D", D ikiwa jina la sauti isiyohama, hayamaanishi uanze kwa kuita D do, kosa ambalo darasa zima lilifanya juma zima, tukaimba chini mno, alto wakawa wananguruma kama besi na besi wakawa hawasikiki kabisa. Uma wa Mwalimu ulitoa C. Nilijifunza kuiita C hiyo so, nishuke so, mi, do, kisha hatua moja na nusu zaidi mpaka la, na hapo nilikuwa nyumbani. Mwalimu alinisimamisha mbele nilieleze darasa. "Bosibori ana kichwa," alisema. Moraa alikuwa dirishani na wenzake wa darasa la tano walioruhusiwa kusikiliza, na niliona kwamba hakuwa amefuata hata neno moja. Nilitembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi. Kwa juma moja niliishi kama mtu asiye na mdogo.

Kisha ikaja siku ya kuchagua. Mwalimu alikuwa amepunguza majina mpaka tukabaki wawili, na kuwa kwetu wa tumbo moja kulimfurahisha. Alisema kwetu ni nyumba ya ndege waimbao. Aliandika ubaoni wimbo mfupi alioutunga mwenyewe usiku uliotangulia ili asiwepo mtu aliyewahi kuusikia. Ulikuwa wa maina, wa sita kwa nane. Masharti yalikuwa mepesi: chukua uma, tafuta nyumba yako, uimbe wimbo kutoka ubaoni. Nilipouona tu, moyo ulinitulia. Kila kitu nilichokipanga kwenye mkeka na nyuma ya mlango wa jikoni kilikuwa pale, kimeandikwa kwa chaki. Nikamtazama Moraa. Alikuwa akiitazama ile mistari kama mtu anayetazama mvua.

"Moraa," akasema Mwalimu. "Anza wewe."

Nilijua ameisha. Hakuweza kusoma hata kipande cha kwanza. Angesimama na uma wake, angenyamaza, na mambo yangekwisha hapo. Lakini Moraa hakuinuka. Aliinamisha kichwa, akashika pindo la sare yake.

"Mwalimu, dada yangu yupo. Siwezi kumtangulia."

Darasani kulipita mguno mdogo wa kuridhika, ule unaosikika kanisani mtoto anapokariri aya bila kosa. Hata wavulana wa besi waliitikia kwa vichwa. Mwalimu Owiti, ambaye kwao pia mkubwa ni mkubwa, alitabasamu. "Hiyo ni adabu. Imekuwa adimu siku hizi. Haya, mkubwa, njoo."

Ningefanya nini? Nimefikiria swali hilo kwa miaka mingi na kwa makini, nikizichambua njia zote, na sijaona hata moja. Kusema "acha aanze yeye" kungekuwa kujivua ukubwa wangu mbele ya shule nzima, na habari ingefika nyumbani kabla yangu. Kusema sababu yangu ya kweli kungekuwa kusema kwamba mdogo wangu anayeniheshimu ni mwizi, kwamba akinisikia ataubeba wimbo wote. Heshima yenyewe ilinisukuma mbele. Nikachukua uma, nikaugonga gotini, nikaiita sauti yake so, nikashuka, nikafika kwa la, nikaimba. Sikukosea noti hata moja. Katika kipande cha tano pumzi ilinipungua, nikaiba hewa mahali pasipostahili, katikati ya mapigo matatu, lakini niliunganisha haraka na nadhani hakuna aliyegundua. Nilitua kwa la, sawasawa.

"Sahihi kabisa," akasema Mwalimu, na akaweka alama kwa chaki.

Moraa akaja. Aliugonga uma kama nilivyougonga mimi, goti lile lile. Alishuka nilikoshuka. Kisha akaimba, macho yake yakiwa yameelekea ubaoni lakini hayasogei, na ule wimbo wangu sahihi ukatoka kinywani mwake ukiwa na damu. Yale mapigo yalibembea. Ile huzuni ya kupita mlango na kutoingia, ambayo mimi niliweza kuieleza, yeye aliiimba. Na alipofika kipande cha tano, akapumua. Pale pale. Katikati ya mapigo matatu, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma angepumua na ambapo yeye, mwenye kifua kama kengele, hakuhitaji hewa yoyote. Alikuwa amenichukua mzima mzima, pamoja na kosa langu.

Darasa lilipiga makofi bila kuambiwa. Mwalimu akampa Moraa uma.

Nilimngoja Mwalimu nje, karibu na tangi la maji. Nilikuwa nimejipanga. "Mwalimu, Moraa hawezi kusoma zile herufi."

"Najua," akasema. "Nilitazama macho yake."

"Aliniiga."

"Alikuiga mara moja tu, baada ya kusikia mara moja tu. Bosibori, kule Kisii waamuzi hawatatazama ubao. Watasikiliza." Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alishusha sauti. "Wewe ndiye utakayemfundisha zile sauti nne za kuanzia. Mimi nikimfundisha zitapotea. Wewe ukimwonyesha, hazitapotea."

Nyumbani mambo hayakuwa bora. Mama alikuwa ameshasikia, tena katika toleo ambalo mimi sikuwa ndani yake ila kama mtu aliyeheshimiwa. Nilipolalamika aliacha kupepeta wimbi, akanitazama kana kwamba nimesema neno la matusi. "Mdogo wako amekuheshimu mbele ya walimu, na wewe unanuna? Mwanangu, mkuu ni jalala. Kila taka hutupwa kwake naye hunyamaza." Nilirudi kwenye mikeka. Kila jioni, baada ya kukusanya maua, nilimfundisha Moraa: so, mi, do, la, hii ya soprano, hii ya alto. Alizishika kwa urahisi ulioniumiza meno. Aliziimba kwa sauti yangu, kwa namna yangu ya kufunga mdomo mwishoni. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, cha kwangu kilikuwa kikinitazama kwa macho makubwa ya shukrani na kuuliza, "Hivi, dada? Hivi?"

Tulikwenda Kisii kwa lori la majani chai, tumesimama, sare zetu zimekunjwa ndani ya magazeti zisichafuke. Ukumbi ulikuwa na jukwaa la mbao lililonuka nta. Nilisimama safu ya pili, alto, nyuma ya bega la mdogo wangu, na kutoka hapo niliona shingo yake ikiwa haina hata jasho. Aligonga uma. Watu wakangoja. Aligeuka akatupa sauti zetu moja moja, na kila moja ilikuwa ile niliyompa, safi, mahali pake. Tuliimba vizuri. Hatukuwa wa kwanza. Tulikuwa wa pili, nyuma ya shule ya bweni yenye piano. Lakini mwamuzi mkuu, mama mmoja mwenye miwani, alipotoa maoni yake alitutaja. Alisema kwaya nyingi za mashambani huimba kwa kukariri, ila hii ina mtoa sauti anayesoma muziki. Ni wazi binti huyu anasoma, na aliyemfundisha apongezwe. Ukumbi ukageuka kumtazama Mwalimu Owiti, naye akainama kidogo. Nilimngoja atazame safu ya pili. Alikuwa mtu mwema, na nadhani angetazama, lakini Moraa alikuwa ameshika mkono wake akiruka ruka, na wapiga picha walikuwa wamesogea.

Hiyo ni habari ya zamani, na sasa mikeka ya pareto haipo tena kwetu. Mteremko wote ni chai, umekatwa bapa na kijani mpaka barabarani, na harufu ya alasiri ni ya mvua tu. Sikuendelea na shule zaidi ya kidato cha pili. Nilichojua baadaye nilijifundisha. Nilinunua mjini kitabu cha nadharia kisicho na jalada, nikakisoma kwa miaka mitano nikiwa na kamusi kando, mpaka noti za mistari mitano zikawa kwangu kama maandishi ya kawaida. Leo makwaya kutoka Gesima hadi Nyaramba huniletea nyimbo zao niziandike, nizipange sauti nne. Watoto ninaowafundisha wana simu zinazotoa sauti yoyote waitakayo, na hawajui kungoja. Ninapowapima huwaita mmoja mmoja, mlango umefungwa. Moraa hajajifunza kusoma noti hata moja. Aliolewa upande wa Nyaramba, baada yangu kama inavyopasa, na huko huimbisha misibani na harusini, na watu hutembea mbali kumsikia. Niliwahi kumuuliza, tukiwa tayari wanawake wenye wajukuu, kama siku ile ya kuchagua alisema vile kwa kukusudia. Alinitazama kwa mshangao ambao sikuweza kuupima. "Kwani ulitaka nikutangulie?"

Mwezi uliopita alinipigia simu. Alikuwa ametunga wimbo kwa ajili ya kwaya yao na alitaka niuandike. Aliuimba, mimi nikaandika, ukinijia haraka kuliko penseli. Ulikuwa wa maina, wa sita kwa nane. Nilipofika mwisho mkono wangu ulisimama, kwa sababu kanuni inasema kwamba katika ufunguo wa maina, noti inayotangulia kutua hupandishwa nusu hatua, ili iusukume wimbo nyumbani. Yeye hakuipandisha. Aliiacha chini, so tupu, kisha akaingia kwa la taratibu, kama mtu anayevua viatu.

"Moraa, hapa karibu na mwisho inatakiwa ipande kidogo. Ndiyo kanuni."

"Imba nisikie."

Nikaimba kama inavyotakiwa. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kuku wake wakilia upande wa pili.

"Hiyo ni nzuri, dada," akasema. "Lakini si hiyo."

Akaimba tena yake. Niliandika so. Baada ya kukata simu niliuimba wote peke yangu, kutoka kwenye karatasi, bila kukosea. Ni wimbo bora kuliko wowote uliopita mikononi mwangu, na ubora wake wote uko kwenye noti ile moja. Ungekuwa wangu, ningeipandisha.